Utepe Mweusi Juu ya Kitufe

"Usiachie kitufe cha redio. Sauti yako inakuja ikikatika."

Hayo ndiyo maneno ya mwisho ya Meneja kutufikia ndani ya lifti. Taa ikafifia, nikabaki na fundi mwenzangu, tunayemwita Mpole, kwenye sanduku la chuma lililokwama kati ya ghorofa ya nne na ya tano.

Simu hazikushika mtandao. Tulichokuwa nacho ni redio moja ya mkononi, katika zile tulizokuwa tunazijaribu asubuhi hiyo. Tulizipanga zisaidiane: ya mlinzi ikinasa sauti dhaifu inairudia, ya mfanya usafi inaipokea na kuirudia tena, na ile kubwa ya mapokezi inaokota vipande vyote na kuviunga. Mwenye ile kubwa ni mkuu wa walinzi, mjomba wangu aliyenilea.

Na Meneja ndiye bwana harusi wangu. Harusi Jumamosi.

Nikabandika utepe mweusi juu ya kitufe kisiachie.

"Tuko wawili, tuko salama," nikasema. Nikasubiri. Hakuna aliyejibu, nikaiweka redio sakafuni.

"Hawatusikii," Mpole akasema. "Tumekwama."

"Mimi nilikwama siku nyingi."

"Unasemaje?"

"Simpendi Meneja. Sijawahi kumpenda."

"Si umwambie mjomba wako?"

"Nimwambie nini? Kazi alipewa na Meneja. Nikikataa, mjomba yuko nje, na umri ule nani atamwajiri? Kila akiniuliza, naitikia, 'Sawa, mjomba.' Shangazi nilimdokeza, akabadilisha mazungumzo."

Hewa ilikuwa nzito. Nililia bila kujificha, maana hata pa kugeukia hapakuwepo.

"Nikikwambia kitu, utanicheka?" Mpole akauliza.

"Sema. Nitakimbilia wapi?"

"Zile redio za ghorofa ya pili hazikuwa mbovu. Nilikuwa nazilegeza nyaya makusudi, ili uje kunisaidia kuzitengeneza."

"Zote?"

"Ya kwanza ilikuwa mbovu kweli."

Nikacheka na machozi yangu usoni.

"Nakupenda," akasema. "Nilipanga kunyamaza mpaka hiyo Jumamosi ipite, nimeshindwa. Ukitoka humu, utakubali kuwa na mimi?"

Kabla sijafungua mdomo, lifti ikatikisika, ikashuka taratibu, milango ikafunguka.

Walisimama mafundi wa lifti, walinzi, mjomba, na Meneja akiwa amekunja uso. Hakuna aliyetupa pole. Nikaitazama redio sakafuni, utepe bado uko juu ya kitufe. Kitufe kikiwa kimebanwa, redio inasema tu, haipokei. Walikuwa wakitujibu muda wote, na sisi tukiwamwagia siri zetu.

Mlinzi mmoja akajikuna kichwa. "Mimi nilipata 'simpendi' tu."

"Kwangu ilifika 'sawa, mjomba'," mwenzake akasema.

"Kwangu imefika nzima," mjomba akasema.

Meneja akamgeukia. "Mzee, mwambie binti yako aniombe radhi hapa hapa. Na ukumbuke nani aliyekupa hiyo kazi."

Mjomba akavua kofia yake ya kazi, akaikunja, akamwekea mkononi.

"Chukua, bosi. Harusi haipo."

"Mjomba, kazi yako," nikasema.

"Nilidhani unafurahi, mwanangu. Ulikuwa unaitikia vizuri mno." Nikaona aibu kwa kumficha mtu anayenipenda hivyo. Kisha akamtazama Mpole kuanzia kichwani hadi viatuni. "Na wewe, mpaka ufungiwe ndani ndipo useme? Haya, beba mkoba wake."

Meneja akaondoka na ile kofia mkononi, hajui aiweke wapi.

Nikaokota redio, nikabandua utepe. Papo hapo ikakoroma. Alikuwa mama mfanya usafi wa ghorofa ya kumi, sauti yake ikipokewa na kurudiwa na redio za wenzake njiani.

"Jamani, kwangu ilikatika mwishoni. Amemjibu nini yule kijana?"

Mpole alikuwa ameukumbatia mkoba wangu kifuani, hapumui. Safari hii kitufe nikakibonyeza kwa kidole changu.

"Nimekubali, mama. Wafikishie na wa huko juu."