Mawifi Wawili Ndani ya Jaketi Moja

Wenzao waligeuka walipoliona wingu. Walikuwa akina mama wa sokoni Musoma, waliokuja kupanda mlima nyuma ya Bunda kwa sababu daktari aliwaambia presha haishuki mtu akiwa amekaa kwenye stuli, na walishika njia ya kurudi bila kuona haya yoyote. Wakabaki wawili tu, Mwanaupe na Safina. Safina ameolewa na kaka yake Mwanaupe, na mawifi wakishaanza kushindana, nani atakuwa wa kwanza kusema amechoka?

"Ukitaka kurudi rudi tu, wifi," alisema Mwanaupe, pumzi zikimtoka kama mvukuto.

"Nani, mimi? Nilidhani wewe ndiye unatafuta pa kukalia."

Basi wakapanda.

Mwanaupe anauza majaketi ya mtumba, na hilo alilovaa alikuwa amelichagua mwenyewe siku ile ile belo la nguo lilipofunguliwa. Nene, la pamba, lenye manyoya shingoni. Ndivyo anavyochaguaga: analiinua kwa mkono mmoja, mkono ukishuka, hilo ndilo. Safina yeye alikuwa ameokota kwenye lundo la mwisho kitu chembamba cha kijani, kipana kama turubai, kinachochakarisha kila akitikisa mkono. Njia nzima Mwanaupe alikuwa akimwuliza kama ndani ya huo mfuko amebeba dagaa au mchele.

Walipofika kileleni wakasimama kutazama.

Mkono mmoja nyika imetandazwa mpaka macho yanachoka kabla haijaisha. Mkono mwingine ziwa, na juu ya ziwa, kutoka majini mpaka mawinguni, mnara wa maji unazunguka na kutembea taratibu kama mtu mwenye shughuli zake. Mwanaupe alizaliwa kando ya ziwa hilo, akaogeshwa na maji yake, akadhani wanafahamiana. Hakuwahi kuliona limesimama.

"Linakuja huku," Safina alisema kwa sauti ndogo.

Upepo ukawafikia kabla hajameza mate. Uliwasukuma kama kondakta anayefunga mlango. Nyuma yake ikaja mvua ya mawe, inagonga miamba na kuruka, inagonga vichwa na kubaki. Walikimbilia jabali lililoinamia upande, na hapo mguu wa Mwanaupe ukaingia katikati ya mawe mawili, wakati mwili wake ukiendelea na safari.

"Umevunjika?"

"Vidole vinacheza."

Safina akavua mtandio, akamfunga nao kifundo kwa nguvu mpaka Mwanaupe akamwona bibi yake marehemu. Wakajibanza chini ya jabali. Lakini upepo wa mlimani hauna mbele wala nyuma, unazunguka jabali na kukufuata ulipo. Ukungu ukafunika kila kitu. Radi ikapiga, na jambo la kushangaza ni kwamba mwanga wake ulitokea chini ya miguu yao, bondeni, kama vile mbingu imehama imewaacha wao juu yake.

Jaketi zito likaanza kunywa maji. Lilikunywa mikono, likanywa mgongo, likamlalia Mwanaupe begani kama ndama aliyekufa, na upepo ukapita humo ndani kama unapita kwenye wavu. Alitetemeka, akakaza meno. Akaweka mdomo kwenye kikunjo cha mkono wa jaketi, akapuliza. Pumzi yake ikatokea upande wa pili, akaisikia kiganjani. Miaka yote hiyo ameyapima majaketi kwa uzito, hakuna hata moja alilowahi kulipuliza.

Kisha akaacha kutetemeka. Ikawa raha. Akaona afadhali alale kidogo.

"Wifi. Vua hilo jaketi."

"Nife uchi?"

"Limejaa maji. Vua, ingia humu."

Safina akafungua zipu, akamvuta kwa mbele, mgongo kwenye kifua, akaanza kufunga. Zipu ikakwama.

"Vuta tumbo."

"Vuta na wewe lako. Mimi la kwangu lina wapangaji wa zamani."

Ikafunga. Safina akafunika vichwa vyote viwili kwa kofia ya jaketi, na dunia ikabadilika. Upepo ulikuwa unapiga kitambaa kile kama ngoma, upo hapo hapo, upana wa kucha kutoka shavuni, unanguruma, na hauingii. Mwanaupe alishangaa kitu chembamba namna ile kinavyoweza kusimama mbele ya ghadhabu yote ile na kuiambia subiri nje.

"Usilale. Nitajie samaki wa ziwani."

"Sato. Sangara."

"Hao kila mtu anawajua."

"Furu. Ningu. Gogogo. Kamongo…" Akanyamaza.

Safina akamfinya.

"Mumi," alisema Mwanaupe. "Wee, vidole vyako vinachoma kama miiba ya gogogo."

Alirudia orodha hiyo mpaka samaki wakaanza kuwa na majina ya majirani. Mtetemo ukamrudia mwilini, mkali, na Safina akausikia, akashukuru Mungu kimoyomoyo, maana mwili unaotetemeka bado unapigana na baridi.

Mvua ilipopungua ukungu ulikuwa bado.

"Upepo umetoka ziwani," alisema Safina. "Tukiutia usoni tunateremkia barabarani."

Waliteremka humo humo ndani ya jaketi, miguu minne, mmoja mbovu, wakigombana nani aanze na wa kulia. Njiani ukungu ukafunuka. Mlima mzima ulikuwa mweupe kwa mawe ya mvua, mvuke unapanda kutoka kwenye majani, na ziwa limelala chini, limetulia, kama halijafanya kitu. Walisimama wakalitazama.

Chini kabisa walimkuta mchungaji, Shija, ng'ombe wake wakirudi nyuma kwa woga.

"Mko wangapi humo, mama zangu?" aliuliza.

"Wawili. Leo asubuhi tulikuwa watatu, ukihesabu na maneno yangu," alijibu Mwanaupe.

Shija akapiga simu kuita pikipiki. Safina akashika zipu ili watoke. Mwanaupe akaweka mkono wake juu ya ule wa Safina, akaubana pale pale.

"Ngoja kwanza, wifi," alisema. "Bado unavuma."

Shija akatazama nyasi. Hazikutikisika hata moja.