Mgeni wa Chumba 614

Kitanda cha chumba 614 kilikuwa na joto upande mmoja.

Mama Pacha aliweka kiganja pale, akakiondoa, akakirudisha tena. Chumba hicho hakikuwa kimelaza mgeni tangu msimu uanze. Kwenye karatasi yake ya kazi kiliandikwa kuwa kimefungwa kwa matengenezo, kwa sababu kiyoyozi chake kilikuwa kimewashinda mafundi wote, na yeye aliingia humo mara moja tu kwa wiki kufungulia mabomba ya bafuni ili maji yasilale ndani yake. Dakika kumi maji ya moto, dakika kumi ya baridi, unafunga mlango, unakwenda zako. Lakini shuka lilikuwa limebonyea kana kwamba mtu ameinuka sasa hivi, na chumba kizima kilinuka nguo iliyoanza kuungua chini ya pasi.

Alidhani ni fundi mmoja amejiibia usingizi. Akacheka peke yake, akatandika upya.

Ilikuwa meli ya kitalii ya wastani, si lile jumba linaloelea na watu elfu tano, wala si boti ya matajiri wachache. Ilibeba abiria mia nane na wafanyakazi mia nne, na ilijivunia jambo moja: kwamba humo mgeni hakosi kitu. Chai ililetwa kitandani, chokoleti iliwekwa juu ya mto, na taulo zilikunjwa zikawa tembo au bata. Mama Pacha alikuwa mhudumu wa vyumba kumi na vinne kwenye ghorofa ya sita. Mkataba wake ulikuwa wa miezi minane. Watoto wake pacha, wa miaka minne, aliwaacha kwa mdogo wake. Yeye mwenyewe alilala chini kabisa, kwenye chumba kisicho na dirisha alichogawana na dobi wa meli, mahali ambapo mchana na usiku ni taa ileile, na bahari unaisikia ikijikuna ukutani karibu na sikio lako.

Bandari iliyofuata alikuwa na ruhusa ya kushuka kwa saa nne. Alivaa gauni lake la kutokea, akaweka kadi kwenye mashine ya mlangoni, taa ikawaka nyekundu. Mlinzi akatazama kioo cha kompyuta yake, akamtazama yeye.

Mashine ilisema ameshatoka tangu asubuhi.

Mlinzi alifanya mzaha, akamuuliza kama na yeye ana pacha wake. Akabonyeza hiki na kile, akampigia mtu simu, akaomba radhi. Tatizo lilipotatuliwa, ngazi ilikuwa inakunjwa.

Bandari ya pili, homa ilimpanda meli ilipotia nanga. Meno yaligongana, macho yakaona ukungu, daktari wa meli akamlaza. Kamba zilipofunguliwa na meli kuanza kusogea, homa ilishuka palepale kama maji yaliyomwagwa. Daktari alisema ni mabadiliko ya hewa. Usiku ule dobi alilala na taa ya kitandani ikiwa imewashwa.

Bandari ya tatu Mama Pacha alijisemea kwamba atashuka hata kwa kuruka. Lakini siku ya mabomba iliangukia siku hiyohiyo. Aliingia 614 saa tatu asubuhi, akafungua bomba la moto, akasimama akitazama saa yake, na kupitia mlango wa kioo wa baraza aliona gati, abiria wakishuka na kofia zao, teksi zikipanga foleni, mwanamke mmoja akinunua maua. Dakika kumi zilipotimia akafunga maji, ya baridi akayaacha ili awahi kushuka, akashika kitasa cha mlango, na kitasa kikazunguka bure mkononi mwake kama cha kuchezea. Akakizungusha tena, akapiga mlango kwa ngumi, akaita, akakimbilia kioo cha baraza akakigonga kwa mikono miwili akiwapungia watu ambao walikuwa karibu kiasi cha kuona rangi ya maua yao lakini hakuna hata mmoja aliyeinua uso, na nyuma yake ile harufu ya kuungua ikamsogelea polepole hadi akahisi joto kwenye kisogo, joto la mtu anayesimama karibu mno, na bafuni bomba alilokuwa amelifunga kwa mkono wake likaanza kutiririka lenyewe. Kisha mlango ukafunguka bila kelele. Nje korido ilikuwa vilevile, zulia lilelile. Ila meli ilikuwa inatikisika. Ilikuwa katikati ya bahari, na saa ya ukutani ilionyesha kumi na mbili jioni.

Kwa saa ya mkononi mwake, alikuwa amekaa humo dakika ishirini.

Tangu hapo alihesabu siku zilizobaki kama mtu anayehesabu pumzi. Alimwomba msimamizi ampe mwingine kile chumba, msimamizi akasema hakuna mtu wa ziada. Wiki iliyofuata, alipofungua mlango wa 614, alikuta kitandani taulo zilizokunjwa. Hazikuwa tembo wala bata. Zilikuwa watoto wawili wamekaa bega kwa bega, na yule wa kulia ameinamisha shingo kidogo, kama anavyoinamisha mdogo wa wale pacha tangu siku aliyozaliwa.

Alipiga simu nyumbani. Mdogo wake alipokea kwa sauti ya kununa.

"Dada, mbona jana uliniambia nisiwaambie watoto unarudi?"

"Jana sikupiga."

"Sauti ilikuwa yako," mdogo wake akasema, sasa akinong'ona. "Ila nyuma yako kulikuwa na maji yanatiririka."

Na kama hayo hayakutosha, msimamizi akamwita ofisini kumpongeza. Mkononi alikuwa na barua ya kuomba mkataba mwingine wa miezi minane. Chini yake kulikuwa na sahihi ya Mama Pacha, na mkia wake uleule. Alikana. Msimamizi akamwambia kwa upole kwamba wengi hujuta baada ya kuandika, lakini makao makuu yameshakubali, na mtu wa kumpokea zamu ameshahamishiwa meli nyingine.

Safari ya mwisho ya mkataba wake ndiyo iliyomleta Bibi.

Alikuwa na miaka themanini na moja, na alikaa chumba 620. Aliletwa na mwanawe, wakili, ambaye alichukua chumba cha juu chenye mandhari nzuri zaidi na kumtembelea mama yake wakati wa chakula. Bibi alitandika kitanda chake mwenyewe kila asubuhi kabla mhudumu hajafika. Alisema hajawahi kutandikiwa na mtu, ataanzaje leo. Siku ya tatu, Mama Pacha alipokuwa akibadilisha taulo, Bibi alimshika mkono.

"Mwanangu, unanuka kuungua. Na hujaungua."

Mama Pacha alikaa ukingoni mwa kitanda cha mgeni, jambo lililokatazwa kabisa, akalia. Alimweleza yote. Bibi alisikiliza bila kumkatiza. Mwisho akamuuliza siku ya kwanza kabisa alipoingia chumba kile alisema nini.

Ilibidi afikiri. Kisha akakumbuka. Alikuwa na dobi, wamekuja kuhesabu mashuka, na walikuwa wametoka kwenye mafunzo ambako mwalimu aliwafundisha jinsi ya kumlaki mgeni. Akiwa mlangoni pa chumba kitupu, kwa kumwigiza mwalimu, Mama Pacha aliweka mkono kifuani na kuinama. Karibu mheshimiwa, alisema. Mimi ni wako safari nzima. Dobi alicheka hadi akakaa chini.

"Basi kuna aliyekuwamo," Bibi akasema. "Na yeye safari yake haina bandari."

Bibi alikuwa mganga kwa miaka arobaini. Aliitwa kwenye nyumba zilizoshindikana. Mwanawe alipopata cheo alimwomba aache, watu wasije wakasema. "Nikaacha kama watu wanavyoacha sigara," alimwambia Mama Pacha. "Mbele ya macho yao tu." Alipoulizwa kama haogopi, alisema ameishi na majini wawili na mume mmoja, na aliyemshinda ni mume.

Walikwenda siku ya mwisho baharini, alasiri, wakati wageni wote wakiwa juu kwenye hafla ya kuagana na nahodha na korido nzima haina mtu. Bibi hakubeba chochote zaidi ya fimbo yake. Mama Pacha alifungua mlango. Harufu iliwapokea kama pazia la moto. Bibi alivuta kiti, akaketi, akaomba mlango ufungwe.

Kwa muda hapakutokea jambo. Kisha spika ndogo ya darini, ile ambayo nahodha hutangazia hali ya hewa, ikakwaruza. Sauti iliyotoka haikuwa ya nahodha. Ilikuwa laini, ya heshima, ya mtu aliyezoea kuhudumiwa.

"Leo amekuja na mgeni."

"Nimekuja mwenyewe," Bibi akasema. "Mwachie huyu ashuke kesho. Ana watoto."

"Najua watoto wake. Aliniambia yeye ni wangu safari nzima."

"Alikuwa anacheka na mwenzake."

"Mimi sikucheka."

Kitasa cha mlango kilianza kuzunguka taratibu, kushoto na kulia, kushoto na kulia, na bafuni mabomba yote mawili yakafunguka kwa pamoja, na mvuke ukatambaa sakafuni hadi kwenye vifundo vya miguu yao, na juu ya kitanda shuka alilolinyoosha Mama Pacha kwa mikono yake likaanza kubonyea, kwanza penye kichwa, halafu mabega, halafu urefu wote wa mwili ambao haukuwapo, mwili mrefu kuliko kitanda, ukijigeuza polepole kuwaelekea. Mama Pacha aliuma pindo la mkono wa sare yake asipige kelele. Bibi alisogeza kiti karibu zaidi na kitanda, kama mtu anayekwenda kumwangalia mgonjwa.

"Unaogopa kubaki peke yako," alisema. "Mtu mzima wewe. Ungesema tangu mwanzo."

Mwili ule kitandani ukaacha kujigeuza.

"Mwachie. Nitakaa mimi."

Mama Pacha alimshika bega, akamwambia kwa kunong'ona kwamba haiwezekani, kwamba ana mwanawe. Bibi hakugeuka. Alisema mwanawe ana nyumba kubwa na hakuna chumba ndani yake ambamo yeye, mama yake, anaweza kufungua kinywa bila kutazamwa kwa jicho la kumnyamazisha. Alisema hapa angalau kuna anayetaka kuzungumza. Aliyasema bila huzuni, kama mtu anayechagua kiti kwenye basi.

Mabomba yakanyamaza. Kitasa kikatulia. Mama Pacha alipojinusa mkono wake, kwa mara ya kwanza baada ya miezi alisikia harufu ya sabuni tu.

Asubuhi meli ilitia nanga. Msimamizi alitafuta ile barua ya mkataba faili zima asiione, na mtu wa kumpokea Mama Pacha alikuwa amefika na sanduku lake. Mashine ya mlangoni ikawaka kijani. Aliteremka ngazi akiwa haamini miguu yake, akakanyaga saruji ya gati, na saruji haikutikisika.

Wakili alikuwa amesimama hapo na masanduku mawili, moja dogo la mama yake. Alikuwa amekasirika na kuchanganyikiwa. Walimwambia ndani kwamba kadi ya mama yake imeshasomwa na kwamba ameshashuka, lakini yeye hajamwona, na sasa wanamkatalia kurudi juu. Alimtambua Mama Pacha.

"Dada, wewe si ndiye uliyekuwa unamhudumia mama? Nakuomba. Wewe wanakujua, watakupitisha. Panda dakika mbili tu, umwambie namsubiri."

Sauti yake ilikuwa ya mtoto aliyepotezana na mama yake sokoni. Mama Pacha alishika tena mkono wa begi lake, mguu mmoja ukageukia ngazi. Kisha akainua macho.

Kwenye baraza la 614 Bibi alikuwa ameketi, na mbele yake vikombe viwili vya chai vikitoa moshi. Kiti cha pili kilivutwa karibu na chake. Mto wake ulikuwa umebonyea. Bibi alimtazama moja kwa moja, akatikisa kichwa mara moja: usithubutu.

"Unatazama nini?" wakili akauliza, naye akitazama palepale. "Hakuna mtu pale."

Mama Pacha alimwambia kwamba mama yake hashuki leo. Alisema samahani, mara mbili, akaondoka haraka bila kugeuka, na king'ora cha meli kilipolia nyuma yake alikuwa anakimbia.

Meli ilipekuliwa kila kona, na 614 ilikutwa tupu. Wakili alizunguka ofisi na ofisi mwaka mzima. Kumbukumbu zote zilionyesha kwamba mama yake alishuka salama. Nyumbani, Mama Pacha aliwakumbatia wanawe hadi wakalalamika, na hadi leo hakuna mlango anaouacha ufungwe akiwa ndani.

Dobi alibaki kwenye meli miezi mingine mitano. Mkataba wake ulipoisha alikuja kumtembelea, na chakula kilipoondolewa mezani akamweleza jambo ambalo hakutaka kuliandika kwenye simu. Asubuhi ya kushuka kwake mwenyewe, alipita ghorofa ya sita akasimama mlangoni pa 614. Ndani alisikia Bibi akigomba, na spika ikimjibu kwa unyenyekevu, ndiyo Bibi, sawa Bibi. Dobi aligonga, akasema amekuja kuaga, akauliza kama na Bibi hataki kushuka.

Mazungumzo ndani yalikatika. Hatua za fimbo zikaja hadi karibu na mlango, zikasimama.

"Tangulia, mwanangu," Bibi alisema. "Mimi na huyu bado tunabishana nani anamlinda nani."