Kibuyu Kilichorudi

Siku ya soko Arusha ilikuwa na vurugu zake zote: kina mama wa Meru na mikungu ya ndizi, Waarusha na mbuzi wao, na askari wa boma wakipita kifua mbele kana kwamba soko waliachiwa na baba zao. Reli ya Wajerumani ilikuwa imefika Moshi juzijuzi, na tangu hapo maduka ya Wahindi hayakuishiwa vitu vipya. Lesikar, kijana wa Kiarusha, hakuwa na haja ya vitu vipya. Alikuwa ametoka Kimandolu asubuhi na mapema kutafuta chupa tupu, nyeupe, yenye mdomo mpana kidogo. Katika duka la tatu aliikuta moja tu, juu ya rafu. Akanyoosha mkono, lakini mkono mwingine ukamtangulia.

"Samahani, dada. Hiyo nimeiona mimi."

"Umeiona. Mimi nimeishika."

Alikuwa msichana mrefu, amevaa gauni la kaniki alilolishona mwenyewe, maana mishono ilikuwa mizuri kupita ya fundi yeyote wa pale. Shingoni alikuwa na mstari mmoja wa shanga nyekundu. Lesikar alimtazama kwa muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu.

"Unaitakia nini?" aliuliza. "Mafuta?"

"Ya kuingizia yai."

"Yai zima? Lililomenywa?"

Msichana akageuka vizuri sasa. "Kumbe na wewe ni mwalimu! Umeitwa Nkoaranga?"

Wote wawili walikuwa wameitwa. Mwalimu Sumari alikuwa amepeleka habari katika shule zote za misheni kuzunguka mlima: likizo hii walimu waje wajifunze namna ya kufundisha mambo ya hewa, mwanga na sauti bila kuwalaza watoto usingizi, na kila mmoja aje na chupa yake.

"Tushirikiane basi," alisema Lesikar.

"Sawa. Utaibeba wewe, maana mimi nina ndizi. Ila koti lako silielewi. Mikono imeishia wapi?"

Koti lilikuwa la khaki, la urithi, na mikono yake ilikuwa imekata tamaa karibu na viwiko. Lesikar alicheka mpaka Mhindi naye akacheka. Msichana alisema anaitwa Ndeshi, binti wa Mzee Anaeli wa Nkoaranga, na kwamba huwafundisha watoto wadogo kule Akheri. Lesikar aliibeba chupa ile kutoka sokoni mpaka mlimani, na ndizi pia aliishia kuzibeba yeye.

Mafunzo yalianza kwa baridi na ukungu. Mwalimu Sumari alikuwa mtu mwembamba mwenye sauti kubwa, na siku ya kwanza aliivunja fimbo yake mbele ya wote.

"Mtoto akisinzia darasani usimpige," alisema. "Mwenye kosa ni wewe. Leteni chupa."

Akawasha kipande cha karatasi, akakitumbukiza chupani, akaweka yai lililomenywa mdomoni mwa chupa. Yai likatikisika, likajivuta, kisha *plup!* likaingia. Mwalimu mmoja mzee wa dini alikimbilia mlangoni. Wengine walipiga kelele kama watoto, na ndivyo Sumari alivyotaka.

"Sasa niambieni," alisema, "nani amelisukuma?"

Waliulizana na kubishana mpaka ukungu ukaondoka.

Lakini kilichowateka Lesikar na Ndeshi ni somo la sauti. Sumari aliwafundisha kukata vibuyu viwili vidogo, kuvifunika kwa kibofu cha mbuzi kilichokaushwa, na kuviunganisha kwa uzi mrefu uliopakwa nta. "Boma wana simu yao," alisema. "Na sisi tuna yetu. Sharti moja: kila upande uvute. Uzi ukilegea hamsikilizani."

Lesikar alitengeneza ya kwake kwa vibuyu alivyopewa na mama yake. Kwa kuwa nyumba ya Mzee Anaeli ilikuwa ng'ambo tu ya kijito, uzi ulitosha kutoka baraza ya shule mpaka penye mibuni ya mzee. Wanaume na wanawake walikaa mbali darasani, na binti wa watu hazungumzi na kijana kando ya njia. Ila simu ilikuwa kazi ya shule, nani angeikataza? Kila jioni, kabla ya kengele ya sala, Lesikar alikuwa barazani.

"Kimandolu anaita. Nkoaranga, unasikia?"

"Nasikia. Vuta, umelegea."

"Umekula nini leo?"

"Ndizi."

"Na nyama?"

"Ungekuwa na mke ungejua nyama haipikwi kila siku."

"Nani kakwambia sina mke?"

"Koti lako. Mke gani angekuacha utoke hivyo?"

Sauti yake ilifika imekwaruza kidogo, lakini ilikuwa yake, na Lesikar alilala nayo sikioni. Alimpenda. Hata wenzake walijua, maana siku hizo alikuwa akiimba hata anapochota maji.

Jioni moja, mafunzo yakikaribia kwisha, Ndeshi hakutania.

"Lesikar, mchungaji ananitaka niende Upare. Wanahitaji mwalimu wa wasichana. Siku ya kufunga mafunzo nimpe jibu."

Lesikar aliukaza uzi. "Na wewe unataka?"

"Sijui. Inategemea kama kuna mtu wa kunizuia."

"Usimjibu bado, mpenzi. Kesho jioni nitakwambia neno. Nipe mpaka kesho nilipange vizuri."

"Haya. Lipange. Ila usilipange mpaka likaharibika."

Asubuhi iliyofuata alikuja Tabea, shangazi yake Ndeshi, mbio mbio, kikapu kichwani, anawahi soko. Akamtia Lesikar kibuyu mkononi.

"Ndeshi amekurudishia. Anasema utajua mwenyewe la kufanya."

Na huyo akateremka zake.

Msomaji, ni lazima ujue jambo moja. Katika ukoo wa kina Lesikar posa huanza kwa kibuyu. Mama wa kijana hukijaza asali, kinapelekwa kwa binti. Kikibaki, wamekubali. Kikirudi, wamekataa, na mwanamume mwenye heshima haulizi kwa nini. Lesikar alikitazama kibuyu cha mama yake, hakuona kitu kingine, akakisukuma chini kabisa ya mfuko wake. Jioni hakwenda barazani. Siku zilizobaki alikaa nyuma darasani na kutoka wa kwanza. Hakuimba tena.

Ng'ambo ya kijito Ndeshi alisimama kwenye mibuni mpaka umande ukamlowesha miguu. Hasira ilimpanda, kisha machozi, kisha hasira tena. "Upare basi," alijiambia. "Huko angalau hakuna Waarusha."

Siku ya kufunga, wazazi walijaa uwanjani kuona maajabu. Lesikar alikuwa akipanga chupa mezani. Ndeshi alikuja amevaa gauni lake la kanisani, jeupe, na shanga zile zile. Alisimama mbele yake, watu wasione uso wake.

"Siku zote hizi, na wewe hukukitengeneza?"

"Kutengeneza nini?"

"Kibuyu! Panya walikula ngozi yake usiku ule. Nilimpa shangazi akuletee ukifunike upya ili jioni nisikie hilo neno lako. Nikasimama kwenye baridi kama mlinzi wa boma!"

Lesikar alipekua mfuko, akakitoa. Ngozi ilikuwa na tundu la kupitisha vidole vitatu. Mwalimu mzima wa sauti hakuwa amekigeuza hata mara moja.

"Kwetu," alisema polepole, "kibuyu kikirudi, binti amekataa."

"Kwenu!" Ndeshi aliziba mdomo. "Kwetu posa ni pombe ya ndizi. Kibuyu kikirudi ni kwamba kimevuja!" Akacheka mpaka akashika meza, na machozi yakamtoka papo hapo. "Kifunike sasa hivi. Mchungaji ananingoja."

Alikifunika haraka kwa kibofu kipya. Sumari akawaita: Lesikar abaki mezani, Ndeshi aende na kibuyu cha pili nyuma ya migomba. Uzi ukakazwa. Lesikar akaweka mdomo ndani ya kibuyu na kunong'ona, hata waliokaa mbele wasisikie.

"Ndeshi, usiende Upare. Nakupenda. Jumamosi mama yangu akileta kibuyu cha asali, baba yako atakipokea?"

Akahamishia kibuyu sikioni. Kisha sauti ikaja, nzito, ya mtu aliyezoea kufukuza ngedere shambani.

"Baba yake anapenda asali ya nyuki wadogo."

Lesikar nusura aangushe simu. Mzee Anaeli alikuwa amekwenda nyuma ya migomba kuhakikisha kama jambo hili ni kweli au ni uongo wa walimu, na binti yake alikuwa amempa kibuyu kwa heshima asikilize kwanza.

"Shi... shikamoo, mzee," Lesikar alisema kibuyuni.

"Marahaba. Vuta uzi, umelegea."

Nyuma ya migomba Ndeshi alisikika akicheka, bila simu yoyote. Mchungaji alipomuuliza jibu lake, alisema Upare watafute mtu mwingine.

Jumamosi kibuyu kile kile kilipanda mlima, tundu limezibwa kwa nta, kimejaa asali ya nyuki wadogo, mikononi mwa mama yake Lesikar. Lesikar alisubiri Kimandolu tangu asubuhi, macho njiani, koti lake limeongezwa mikono. Jioni mama alirudi mikono mitupu.