Ngata ya Kamba

Kila Jumamosi Kokulinda alikuwa na kazi tatu: kuteka maji, kufagia uwanja, na kupeleka betri ya gari iliyoendesha redio yao kuchajiwa. Zile mbili za kwanza alizifanya huku ananung'unika. Ya tatu aliipenda. Ilimtoa nyumbani hadi kwenye karakana ya Shimba kando ya barabara kubwa, na huko kulikuwa na mambo ya kutazama.

Kokulinda, au Koku kama walivyomwita nyumbani, alikuwa na miaka kumi na miwili, darasa la tano. Walikaa Butimba, Mwanza, ingawa wazazi wake walitoka Kagera. Baba yake, Apolinary, alikuwa fundi rangi, lakini si wa kuta fupi. Yeye alipaka majengo marefu. Ilikuwa mwaka 1995, na viwanda vya minofu ya sangara vilikuwa vinaota ufukweni kama uyoga. Kila mwenye kiwanda alitaka jengo lake ling'ae kuliko la jirani.

Apolinary alipanda juu, akakaa kwenye kibao kilichofungwa kamba ya nailoni, na mwenzake Maige akawa anailegeza kamba polepole kutoka juu. Kamba ile ilikuwa na sheria zake pale nyumbani.

"Hii siyo ya mbuzi," Apolinary alikuwa akisema. "Siyo ya kuanikia nguo, na haikanyagwi. Mimi nikiwa juu, hii ndiyo miguu yangu."

Jumamosi hiyo, Koku alipokuwa anatoka kwenda kuchukua betri aliyoiacha asubuhi, mama yake, Leonsia, alimwita.

"Koku! Pitia kwa Maige uchukue kamba ya baba yako. Jana ilibaki kwake."

"Nitabeba vyote viwili, mama?"

"Una kichwa, una mabega. Unataka nini tena?"

Alipita kwa Maige kwanza, akaitundika kamba begani. Kisha akaenda karakana. Shimba alikuwa anafuta mikono kwa kitambaa cheusi tititi.

"Shikamoo, mzee Shimba."

"Marahaba. Betri yenu imeshiba. Ila kifuniko kimoja kimekufa, nimeziba kwa kipande cha mfuko. Ibebe wima. Ukiilaza itakutapikia."

"Itanitapikia nini?"

"Asidi, mwanangu. Ile siyo maji ya kisima."

Hapo ndipo Koku alipokumbuka kwamba kitenge chake cha kutengenezea ngata kimebaki nyumbani. Betri ya gari haikai juu ya kichwa kitupu, inauma kama meno. Akatazama huku na huku. Kamba ilikuwa pale pale begani. Akaikunja duara, akaikandamiza ikawa nene na laini, akaiweka kichwani. Shimba akamtwisha betri. Ilikaa vizuri kuliko siku zote, na Koku akaondoka anajiona mjanja.

Njia ya kwao ina mteremko wenye mawe. Katikati ya mteremko mguu wake uliteleza kwenye changarawe. Hakuanguka, lakini betri iliinama, na alipoinyoosha alisikia kitu cha baridi kinashuka nyuma ya shingo. Baada ya hatua chache ile baridi ikageuka mwasho. Akaitua betri haraka. Kipande cha mfuko kilikuwa kimechomoka. Upande mmoja wa kamba ulikuwa umelowa, na bega la gauni lake la mtumba lilikuwa limelowa pia.

Alikimbilia ziwani, hapakuwa mbali. Akajimwagia maji shingoni mara nyingi, mpaka mwasho ukapungua. Kisha akaomba kipande cha sabuni kwa mama mmoja aliyekuwa anafua, akaisugua kamba yote, kutoka ncha hadi ncha, akaianika juu ya jiwe lenye jua kali. Ilipokauka ilikuwa nyeupe kuliko alivyowahi kuiona. Akaivuta kwa nguvu zake zote. Haikusema kitu.

"Imepona," alijiambia, akarudi kuchukua betri na kwenda nyumbani. Jioni, baba yake aliiona kamba ukutani.

"Nani kaifua hii?"

"Mimi, baba."

"Asante sana, mama. Watoto wa siku hizi, nani anakumbuka vyombo vya kazi vya mzazi wake?"

Koku alitazama chini. Angetaka kusema, lakini baada ya sifa zile maneno yalikuwa mazito. Akajiambia atasema kesho. Jumapili walienda kanisani, wakaja wageni, siku ikaisha.

Jumatatu asubuhi Maige alifika na baiskeli yake kumpitia Apolinary. Maige alikuwa Msukuma mrefu, mtani mkubwa wa Wahaya.

"Loo! Nyinyi Wahaya mnafua mpaka kamba?" alisema. "Kesho mtaipiga pasi."

"Nyinyi mnaosha ng'ombe, sisi tunaosha kamba," Apolinary alijibu. Alikuwa anaipitisha kamba mikononi, taratibu, kama alivyofanya kila Jumatatu. Aliipapasa kutafuta nyuzi zilizochomoka au mahali palipolika. Koku alisimama mlangoni na mkoba wake wa shule, akiifuata kamba kwa macho. Mikono ya baba ikafika mwisho wa kamba.

"Nzima," alisema Apolinary. Akaitia ndani ya mfuko.

Koku akautia mkoba begani. Kama baba mwenyewe, fundi wa miaka yote hiyo, ameona ni nzima, basi ni nzima. Alikwenda shule, lakini hesabu hazikuingia kichwani. Kila alipoegemea dawati, kola ya sare ilimgusa pale shingoni, na mwasho ukamkumbusha.

Saa nne, wakati wa mapumziko, alikwenda nyumbani kunywa uji, maana shule ilikuwa karibu. Alimkuta mama yake ameshika lile gauni la Jumamosi, limetoka kufuliwa.

"Koku, hebu njoo uone. Panya gani huyu anakula gauni na kuacha karanga?"

Begani mwa gauni palikuwa na matundu. Mengine madogo kama punje ya mtama, mengine yanaingia kidole. Yalishuka mfululizo kutoka shingoni kuelekea mgongoni. Leonsia alivuta kidogo, na kitambaa kikaachana bila sauti, kama karatasi iliyolowa.

Koku alipitisha kidole katika tundu moja. Siku ya Jumamosi gauni lile lilikuwa zima. Siku ya Jumamosi nalo lilionekana limepona, kama kamba ile.

"Una nini wewe?"

"Siyo panya, mama. Ni asidi ya betri. Nilimwagikiwa." Akajigusa nyuma ya shingo. "Na kamba ya baba nayo. Niliifanya ngata."

Leonsia alilitupa gauni kando. Akaikaza kanga ya mtoto mgongoni.

"Baba yako yuko wapi sasa hivi?"

"Mkuyuni. Kwenye tangi la kiwanda."

"Nina mtoto mgongoni, sitakufikia. Kimbia, Koku! Mimi nakuja nyuma yako. Kimbia!"

Koku alikimbia. Barabara ya kwenda Mkuyuni alikuwa ameipita mara nyingi, lakini haikuwahi kuwa ndefu namna ile. Kiatu kimoja cha plastiki kilikatika mkanda, akavivua vyote viwili akavishika mkononi. Njia nzima alibishana na nafsi yake. Kamba ni nene, gauni ni jepesi. Kamba ni nailoni. Baba ameipapasa yote. Halafu anakiona tena kile kitambaa kinavyoachana bila sauti, na miguu inaongeza mbio.

Harufu ya samaki ilimpokea kabla hajaliona geti. Ndani, mashine zilikuwa zinanguruma. Juu ya mapaa yote lilisimama tangi la maji kwenye miguu ya chuma, refu kama jengo la ghorofa tano. Pembeni mwa tangi alining'inia mtu kwenye kibao, na ndoo ya rangi kando yake.

Mlinzi wa getini, mzee Machibya, alinyoosha rungu lake.

"We mtoto, hapa siyo sokoni. Vichwa na mapanki ya sangara vinauzwa upande wa pili."

"Shikamoo, babu. Baba yangu ni yule kule juu. Kamba yake ni mbovu!"

"Mbovu? Tangu asubuhi yuko juu ya kamba hiyo hiyo. Nenda shule."

"Imemwagikiwa asidi, babu! Mimi ndiye niliyeimwagia!"

Mzee Machibya alimtazama vizuri: miguu iliyojaa vumbi, viatu mkononi, machozi. Akafungua geti. Koku aliingia mpaka chini ya tangi, akapiga kelele, "Baba! Baba!" Mashine zikaimeza sauti yake. Apolinary alimwona, akamfurahia, akampungia brashi. Bila shaka alidhani ameletewa chakula.

Juu ya tangi, Maige alikuwa amekaa karibu na chuma alichozungushia kamba. Kando yake kulikuwa na rundo la kamba ambalo bado halijateremshwa. Apolinary alikuwa amemaliza sehemu ile. Koku akamwona anagonga kibao mara mbili, akijiandaa kushushwa, na Maige anainuka kushika kamba.

"Babu, piga filimbi!"

"Filimbi ni ya wezi," alisema mzee Machibya.

"Basi piga kama vile mimi ni mwizi! Piga, babu, piga!"

Mzee Machibya akapuliza mpaka mashavu yakavimba. Filimbi ilipenya katikati ya ngurumo zote. Wafanyakazi wakatokeza madirishani. Maige akachungulia chini. Koku aliinua mikono juu ya kichwa, akaipishanisha, ishara ambayo mafundi wale walipeana kila walipotaka kazi isimame. Akaishikilia hivyo.

Maige akaifunga kamba pale pale ilipofikia.

Mzee Machibya mwenyewe alipanda nusu ya ngazi, akamweleza Maige kwa sauti yake nzito. Koku aliona mambo mawili. Aliona Maige akiliangalia lile rundo la kamba kando yake. Halafu akamwona baba yake anaacha kabisa kujitikisa, ameshika kibao kwa mikono miwili, kama mtu anayeogopa hata kukohoa.

Maige alifunga kwenye chuma ile kamba ya katani waliyovutia ndoo, akamtupia mwenzake ncha. Apolinary akaifunga kifuani, chini ya kwapa, fundo moja, fundo la pili. Kisha akaanza kujivuta kwa mikono, ameshika ukingo wa tangi, kuelekea kwenye ngazi. Hatua nne hivi. Koku alizihesabu. Katika ya tatu brashi ilimponyoka baba yake, ikaanguka, ikachukua muda mrefu sana kufika chini.

Mkono wa baba ukaishika ngazi.

Alipofika ardhini alijifungua kamba ya katani. Maige akaitupa chini kamba ya nailoni, naye akashuka. Apolinary akashika upande mmoja, Maige na mzee Machibya wakashika upande mwingine, wakaanza kuivuta kipande kwa kipande. Vipande vya mwanzo vilikaza kama kawaida. Walipofika kwenye sehemu iliyokuwa bado ndani ya rundo, kamba ikakatika. Maige na mzee Machibya wakaanguka kwa makalio.

Hakuna aliyecheka. Apolinary alizisugua ncha za mkatiko, na nyuzi zikavunjika vunjika kati ya vidole vyake.

"Na mimi niliipapasa," alisema polepole. "Nikasema nzima."

Leonsia naye akafika, mtoto mgongoni, jasho linamtiririka. Alipomwona mumewe amesimama kwa miguu yake, alikaa chini palepale.

"Baba, nisamehe," Koku alisema. "Niliifua. Nilidhani imepona."

"Geuka nione shingo." Apolinary akaishusha kola ya sare. Ngozi ilikuwa nyekundu, ina malengelenge madogo. "Siku tatu unatembea na hii bila kusema?"

"Niliogopa utanipiga."

"Ningekasirika, ndiyo. Ningefoka jioni nzima. Halafu ningeitupa kamba na kukupeleka zahanati." Akachuchumaa ili watazamane. "Sikiliza, Koku. Kumwaga ni bahati mbaya. Kuifanya ngata kamba ya kazi ni kosa, na unalijua. Lakini kilichotaka kuniua leo siyo asidi peke yake. Ni ule ukimya wako wa tangu Jumamosi. Sabuni inatoa uchafu, haitoi asidi iliyokwisha kula nyuzi. Jicho halioni, mkono hauoni. Aliyejua ni mmoja tu, naye alinyamaza."

Koku alilia. Baba yake alimwacha alie kidogo.

"Lakini aliyejua amekuja mbio na kulisema mbele ya watu," mzee Machibya alisema. "Hilo nalo liseme, Apolinary."

"Nalisema. Na mimi nina langu. Mtu mzima na akili zangu nimekaa juu ya kamba moja bila ya pili ya kunidaka. Sitapanda tena hivyo, Maige."

"Wala mimi sitakushusha," alisema Maige.

Apolinary akachukua kisu, akaikata kamba yote vipande vifupi, kila kimoja urefu wa kiganja.

"Vile vizuri ungeniachia nifungie ndama," Maige alilalamika.

"Nani ajuaye kizuri ni kipi? Kitaachwa mahali, mtu atakiokota, atapanda nacho. Hapana."

Alipomaliza, alimsaidia mkewe kuinuka, akamshika Koku mkono.

"Tunapitia zahanati, watazame hiyo shingo. Kisha nakurudisha shule. Mwalimu atauliza ulikuwa wapi. Utamwambia nini?"

Koku alifikiri. Kulikuwa na majibu mengi mepesi. Angeweza kusema mama alikuwa anaumwa, au mtoto.

"Nitamwambia nilimwagia asidi kamba ya baba na sikusema."

"Anzia hapo hapo," alisema Apolinary, na wakatoka getini.