Ishara ya Vidole Viwili

Kila asubuhi saa kumi na mbili na nusu, wasichana wawili walikuwa wa kwanza kufika kwenye uwanja wa shule yao mjini Numata. Chihaya Hoshino alifika mikono mitupu. Fumino Tsunoda alifika amebeba begi kubwa lenye kinga za magoti, kinga ya kifua, kofia ngumu yenye vyuma vya usoni na glovu nene. Wote wawili walikuwa na miaka kumi na minne, wakiwa mwaka wa mwisho wa shule hiyo, na walikuwa wakicheza softiboli, mchezo wa kurusha mpira na kuupiga kwa gongo, pamoja tangu darasa la nne. Chihaya alikuwa mrushaji. Fumino alikuwa mdakaji wake.

Nani kati yao alisifiwa? Wewe ungepita tu kwenye ubao wa matangazo ukajionea. Hapo palibandikwa picha kubwa ya Chihaya akirusha mpira, nywele zikiruka. Pembeni kabisa mwa picha hiyo lilionekana bega la mtu na nusu ya glovu. Lile bega lilikuwa la Fumino.

Jamani, kazi ya mdakaji ni ngumu! Anachuchumaa nyuma ya mpigaji, uso umefungiwa kwenye vyuma kama kuku kwenye tenga, na katika mechi moja huinuka na kuchuchumaa zaidi ya mara mia. Yeye ndiye anayekumbuka kila mpigaji anashindwa mpira wa aina gani. Yeye ndiye anayemwonyesha mrushaji ishara kwa vidole: viwili, tupa mpira wa kuzama, vitatu, tupa wa kupanda. Mpira ukigongwa ukaviringika chini, hutimua mbio na mzigo wake wote mpaka nyuma ya kituo cha kwanza, kule mpigaji anakokimbilia, ili mwenzake akirusha vibaya yeye auzuie. Mara nyingi hakuna kinachoharibika. Anarudi zake akihema, na hakuna hata mtu aliyemwona akienda.

"Chura huyo! Chura, ruka basi!" wavulana wa besiboli walimtania kila walipopita.

Fumino alicheka tu. Chihaya naye alicheka, na hakuwahi kuwaambia wanyamaze.

Fainali ya wilaya ilichezwa mwishoni mwa Juni. Timu zote mbili zilizofika fainali zilikuwa tayari zimepata nafasi ya kwenda mashindano ya mkoa, lakini nani hataki kombe? Hadi zamu ya saba, ya mwisho, shule ya Chihaya iliongoza kwa moja bila. Wapinzani walikuwa na wakimbiaji kituo cha pili na cha tatu. Wachezaji wao wawili walikuwa wameshatolewa, na mpigaji aliyesimama alikuwa amekosa mara mbili. Akikosa tena, mchezo umekwisha.

Kwa nyuma waliketi watazamaji wengi, na miongoni mwao kocha wa shule moja ya sekondari ya juu aliyekuja kumwangalia Chihaya. Chihaya alijua yupo. Fumino alichuchumaa, akaonyesha vidole viwili. Mpira wa kuzama. Chihaya akaitikia kwa kichwa.

Lakini moyoni alitaka kumaliza kwa mbwembwe. Akatupa wa kupanda.

Mpira ukapaa. Mpigaji akapunga gongo lake, akakosa, watu wakapiga kelele. Ila sheria ni sheria: kosa la tatu halijakamilika mpaka mdakaji aushike mpira. Fumino alikuwa ameshusha glovu kungojea mpira wa chini. Aliinua mikono yote miwili kwa ghafla, mpira ukamgonga kidole gumba cha mkono wa kulia, ukapita, ukaviringika hadi kwenye uzio. Akaukimbilia, akauokota, akajaribu kuurusha. Kidole kilikataa, mpira ukamdondoka miguuni. Wakimbiaji wawili walikuwa wameshamaliza mzunguko. Mbili kwa moja, na kombe limekwenda.

"Kulikuwa na mkanganyiko wa ishara?" aliuliza Mwalimu Negishi, mwalimu wao wa sayansi aliyekuwa pia kocha, mama mmoja asiyependa maneno mengi.

Fumino alimtazama Chihaya, akangoja. Chihaya akainama kufunga kamba za viatu ambazo hazikuwa zimefunguka.

"Samahani, mwalimu," alisema Fumino hatimaye. "Ni mimi. Nimeuachia." Akainama mbele ya wenzake huku kidole kikizidi kuvimba.

Kidole kilikuwa kimevunjika. Daktari akafunga plasta ngumu, akasema wiki sita. Mashindano ya mkoa yalibaki wiki tatu.

Shuleni maneno yakaanza. "Chihaya kamtoa mtu, yeye kaachia!" alisema Sayo wa kituo cha kwanza. "Mechi kaiuza mchana kweupe."

"Labda mikono ilikuwa na mafuta," mwingine akadakia, wakacheka.

Chihaya aliyasikia yote. Alikuwa na nafasi ya kusema siku ile, na kesho yake, na siku zilizofuata. Kila siku ilipopita, kusema kulizidi kuwa kugumu. Aliona aibu, na aliogopa. Fumino akaacha kuja mazoezini. Kisha siku moja Mwalimu Negishi akawaambia kwamba Fumino ameleta barua ya kujitoa kwenye timu, imegongwa muhuri wa baba yake kuonyesha ameridhia.

"Nitaipeleka kwa mkuu wa shule Ijumaa," alisema. "Kabla ya hapo, mwenye neno aniambie."

Ilikuwa Jumatano. Mdakaji mpya, Kotoha wa mwaka wa pili, aliogopa mipira ya Chihaya, akawa anafumba macho na kugeuza uso. Chihaya naye, kwa kumhurumia, akawa anatupa polepole, na mpira wa polepole kila mtu anaupiga. Mwalimu akawasimamisha.

"Chihaya, vaa wewe hizo kinga. Udake. Hotaru atatupa." Hotaru alikuwa mrushaji mdogo wa mwaka wa kwanza.

Chihaya akavaa. Baada ya mipira ishirini magoti yalimwaka moto. Jasho lilimwingia machoni na hakuweza kulifuta kwa vile vyuma. Baada ya mipira arobaini kiganja kilikufa ganzi. Akaonyesha vidole viwili, mpira wa chini. Hotaru akateleza, mpira ukaja juu, ukampiga Chihaya kwenye mfupa wa bega, akaanguka chali.

"Shika basi, dada Chihaya!" walipiga kelele watoto wa mwaka wa kwanza kutoka mbali. Wao waliona mpira umemponyoka tu. Hawakuona vidole viwili.

Chihaya hakuinuka. Akavua kofia, akaanza kulia hapo hapo vumbini, kilio cha kwikwi, hata Hotaru akaja mbio akiomba radhi.

"Si wewe, Hotaru. Ni mimi," alisema. Kisha akasema kwa sauti, ili wote wasikie: "Siku ya fainali Fumino alionyesha vidole viwili. Nikakubali. Halafu nikatupa wa kupanda kwa sababu nilitaka kusifiwa. Hakuachia mpira. Mimi ndiye niliyemvunja kidole, na nikanyamaza."

Sayo ndiye aliyeongea kwanza. "We! Na sisi tulivyomsema yule mtoto wa watu!"

Jioni ile Chihaya alienda kwa kina Fumino, akabisha hodi. Mama yake Fumino alifungua, mikono ina unga.

"Kumbe ni wewe, Chihaya! Tulidhani unaumwa, maana siku zote hizi hukuja kumwona mwenzio."

Chihaya alitamani ardhi ipasuke. Fumino alikuwa barazani, plasta mapajani.

"Umefuata nini?"

"Nimewaambia. Wote. Nimesema ukweli, Fumino. Nisamehe."

"Siku kumi na moja," alisema Fumino. "Pale uwanjani nilikuangalia, nikajua sasa utasema. Hukusema. Nikajipa moyo, labda kesho. Nikawa nahesabu."

"Mbona wewe mwenyewe hukusema?"

"Nani angeniamini? Wewe ndiye mwenye picha ubaoni." Fumino akafuta machozi kwa mkono wa kushoto. "Na tangu lini mdakaji akamsema mrushaji wake?"

Hawakukumbatiana. Mama alileta chai baridi ya shayiri, wakainywa. Lakini Ijumaa Fumino alikwenda kwa Mwalimu Negishi, akaichukua barua yake.

Kwenye mashindano ya mkoa, kule Maebashi, Fumino aliketi benchi na plasta yake, akimwelekeza Kotoha kila baada ya zamu. Kotoha alijitahidi sana, maskini. Walifungwa nne bila katika mechi ya kwanza. Kwa wanafunzi wa mwaka wa mwisho huo ndio ulikuwa mwisho. Fumino alikuwa amedaka miaka mitano, na mechi ya mwisho kabisa hakuidaka.

Mwalimu Negishi aliwakusanya kivulini. Wengi walikuwa wakilia.

"Mimi pia nina kosa," alisema. "Niliuliza mara moja tu, nikajibiwa, nikaridhika. Na ninyi nyote mmekuwa mkipigia makofi mpira unaporushwa. Hakuna aliyempigia makofi anayeupokea. Mtu akifanya kazi yake vizuri mpaka mkamsahau, mwoneni. Msingoje akosee ndipo mmtazame." Kisha akamgeukia Chihaya. "Ulisema ukweli mbele ya wote, na hilo ni jambo la ujasiri. Ila ungeusema siku ile ile, mwenzio angelilia kidole tu. Ukikosa, sema mapema, kabla mwingine hajaubeba mzigo wako. Umemrudishia jina lake. Zile siku kumi na moja huwezi kumrudishia."

"Ndiyo, mwalimu," alisema Chihaya, kichwa chini.

Timu ikasimama kwa mstari, ikainama kuuaga uwanja. Walipokuwa wakienda kwenye basi, Fumino alitembea kando ya Chihaya. Daktari alikuwa amemwambia kidole kile hakitanyooka tena sawasawa, na huko sekondari ya juu hatadaka.

"Chihaya," alisema.

"Naam."

"Ule mpira ulikuwa mzuri. Mzuri kuliko yote uliyowahi kunitupia." "Ungeniambia tu kwamba unakuja, ningeudaka."