Kipande cha Kuniaki

Kochi lilikuwa na maji. Takehiro alikaa, akainuka palepale huku akijipapasa suruali, na Yasunobu akamcheka mpaka akapaliwa.

"Mzee mzima unajikojolea? Na Jumapili unamwoza binti."

"Koma wewe. Watu wamemwaga vinywaji, wafanyakazi hawajafuta."

Lakini maji yale hayakunuka kinywaji. Yalinuka tope la mfereji. Wakahamia kochi la upande wa pili, wakaagiza bia na kuku wa kukaanga, wakayasahau. Mchana ule walikodi chumba cha karaoke kwa kazi moja tu: Takehiro afanye mazoezi ya kuimba kwenye harusi ya Chinami, mwanawe wa pekee. Na katika nyimbo zote za duniani, alitaka kuimba ule wa katuni ya roboti jekundu waliyoitazama utotoni. Chinami mwenyewe ndiye aliyeuomba. Alipokuwa mchanga, babake hakujua wimbo mwingine wa kumbembelezea.

Zamani waliitazama katuni ile wakiwa watatu, katika saluni ya kinyozi ya babake Yasunobu. Wa tatu alikuwa Kuniaki. Yeye na Takehiro walikaa njia moja, kila jioni wakirudi pamoja, ila jioni moja ya mvua Takehiro aligoma kuondoka kwa sababu alinuna tu, mambo ya watoto; alimwambia Kuniaki atangulie, angemfuata, wala hakumfuata. Kuniaki akarudi peke yake, na mfereji uliofurika ukamchukua. Tangu hapo, wakifika pale kwenye kiitikio ambapo Kuniaki alizoea kupiga ukelele wake wa "Paa!", wote wawili walinyamaza na muziki ukapita mtupu. Hawakuwahi kukubaliana hivyo kwa maneno.

"Sasa harusini nitanyamazaje?" Takehiro aliuliza. Bia ilishamkolea. "Watu watasema baba wa bibi harusi kasahau maneno." Akakichukua kipaza sauti cha pili, akakilaza kwenye lile kochi lenye maji. "Kuni, njoo uchukue kipande chako, ndugu yangu."

Yasunobu hakupenda hata kidogo. Marehemu hafanyiwi utani wa namna hiyo.

"Take, toa hicho kitu pale."

"Acha woga, bwana."

Wimbo ukaanza. Walipofika kwenye kiitikio wakanyamaza kama kawaida yao, na kile kipaza sauti cha kwenye kochi kikasema, kwa sauti ya mtoto mwenye mafua, "Paa!"

Yasunobu alirudi nyuma mpaka ukutani. Takehiro hakuacha kuimba, ila sauti iliyomtoka haikuwa tena ile nzito ya sigara, ilikuwa nyembamba, ya kitoto, na wimbo ulipokwisha ukaanza upya bila mtu kugusa kitu. Harufu ya tope ikapanda ikajaa chumba kizima, na maji yakaanza kutiririka kutoka kwenye kochi, polepole, yakipita chini ya meza yakielekea miguuni kwa Takehiro, naye akiyatazama yakija huku akitabasamu na kuimba, akitikisa miguu kama mtoto aliyekaa kwenye kiti cha watu wazima.

"Take, tuondoke," Yasunobu alinong'ona. "Chinami anakungoja nyumbani."

Takehiro akamgeukia. "Chinami ndiye nani?"

Hapo Yasunobu aliogopa kweli. Akaurukia mlango, akauvuta kwa mikono miwili mpaka ukaachia, na kupitia dirisha la ukumbini ukaingia ule muziki wa spika za mji, unaopigwa kila jioni kuwaambia watoto warudi makwao.

"Muda umefika," kikasema kipaza sauti. "Take, twende nyumbani."

"Twende," Takehiro akajibu, akanyoosha mkono hewani, na kiganja chake kikabanwa na kitu kisichoonekana, maji yakimchuruzika hadi kwenye kiwiko.

Yasunobu akamkumbatia kiunoni, akavuta, akashindwa. Mtu yule alikuwa mzito ajabu.

"Kuni," alisema. "Muache huyu, nakuomba. Anamwoza mwanawe. Mimi sina mke, sina mtoto. Nitakusindikiza mimi."

Muziki wa kule nje ulikuwa unamalizikia.

"Lini?"

"Jumapili. Akishaimba."

"Usinidanganye kama yeye."

"Sikudanganyi."

Mkono wa Takehiro ukaachiwa. Alianguka sakafuni akalia kwa kwikwi, akilitaja jina la binti yake tena na tena.

Jumapili, Takehiro aliimba vibaya kupita kiasi, na Chinami, aliyevaa nguo nyeupe, alicheka huku machozi yanamtoka, akaja akamwegemea babake begani. Yasunobu alipiga makofi mpaka viganja vikamuuma. Alifurahi, jamani, asiwepo wa kusema hakufurahi. Halafu harufu ya tope ikatoka chini ya kitambaa cha meza, na mkono mdogo, wa baridi, ukaingia katika mkono wake.

"Ameshaimba," sauti ikanong'ona.

"Nimesikia."

Akakikunja kitambaa chake cha kufutia mikono vizuri, akainuka. Mlangoni alikutana na mhudumu aliyebeba sahani.

"Unatoka, mzee? Keki ndiyo inakuja."

"Namrudisha mtoto kwao."

Mhudumu akatazama chini kando yake, asione mtoto, akampisha apite.