Yeyote Aliye Karibu

Mtoto alichomwa sindano asilie.

Muuguzi wa zahanati alicheka. "Huyu wako ni mwanajeshi, mum." Norah Muhonja naye akacheka, kicheko cha adabu tu, kwa maana alikuwa ameona. Tobias, mtoto wa miezi minane, aliitazama sindano ikiingia pajani mwake, akaitazama ikitoka, kisha akamwinulia muuguzi macho kama mtu mzima aliyekanyagwa kwenye foleni, anayeamua kama atasamehe.

Muhonja alikuwa mlezi mkuu wa makao ya watoto pale Huruma, ghorofa ya tatu, vitanda tisa. Watoto wale hawakuwa mayatima. Walikuwa na watu wao, ila watu wao walikuwa wameshindwa. Kushindwa si dhambi, hata kama majirani wa ghorofa ya pili walifikiri ni dhambi. Mama yake Tobias, Celine Aluoch, aliuza mitumba Gikomba. Simiyu aliyempa mimba alimkana, na mama yake Simiyu, Kukhu Nabiswa, yaani Nyanya Nabiswa kwa Kibukusu, akamfungia mlango. Celine alilala na mtoto nyuma ya kibanda mpaka kifua cha mtoto kikaziba, ndipo akamleta hapa. Sasa alikuwa amepata chumba. Jumamosi angekuja kumchukua mwanawe, na Muhonja aliomba Jumamosi isifike.

Kwa sababu yeye ndiye aliyeharibu.

Wiki tatu nyuma Tobias alilia siku mbili mfululizo. Daktari alimpima akasema hana ugonjwa. Muhonja, Mmaragoli aliyelelewa na nyanya yake, alijua mtoto wa namna hiyo analilia nini: jina. Kuna marehemu wa ukoo anayetaka kuitwa. Unampakata mtoto, unataja majina ya waliokufa, moja moja, na likifika lake atanyamaza. Kazi hiyo ni ya nyanya mzaa baba, si ya mpita njia. Lakini nyanya hakuwepo, na walezi hawakuwa wamelala, basi adhuhuri moja Muhonja akafunga mlango akawataja wafu wake mwenyewe. Luseno. Mulama. Alimaliza ukoo mzima na mtoto bado analia. Uchovu ukamtoa maneno: "Basi yeyote aliye karibu na aje!"

Tobias akanyamaza katikati ya kilio.

Walezi walimsifu sana. Wahenga wanasema kimya kingi kina mshindo mkuu, ila wahenga hawakuwa na watoto tisa wa kunyweshwa chupa. Muhonja akalala usingizi mtamu siku hiyo, mjinga yule.

Kwanza ilikuja harufu, udongo mbichi uliochimbuliwa, kila ulipokiinamia kitanda cha Tobias. Halafu watoto wengine wakaacha kulia. Mmoja akianza, Tobias alimgeukia, na yule mtoto alifumba mdomo akatetemeka. Na Alhamisi, saa tisa mchana, Muhonja akianika nepi kwenye roshani huku jua likiwaka na kelele za watoto wa shule zikipanda kutoka barabarani, alisikia mtu akiimba kwa sauti nzito ya chini ndani ya chumba ambamo hamkuwa na mwanamume, akaingia taratibu na nepi bado mkononi, akapita kitanda cha kwanza, cha pili, cha tatu, wote macho wazi, wote kimya, mpaka akafika cha mwisho na kuona midomo midogo ya Tobias ikitikisika, na kooni mwake, ambamo neno "mama" lilikuwa halijafika bado, wimbo ukiendelea.

Ijumaa asubuhi alikuwa kibandani kwa Kukhu Nabiswa, karibu na soko la Burma, bibi akikoroga supu.

"Ulimwita nani?" Kukhu aliuliza kwa kunong'ona baada ya kusikia yote.

"Nilisema yeyote."

Mwiko ukasimama ndani ya sufuria. "Wewe mwanamke! Hata mbwa haitwi hivyo."

Jumamosi walikutana wote watatu kitandani pa Tobias. Celine alikuwa na leso mpya begani.

"Mum, mbona ananiangalia hivi?" alinong'ona. "Ni kama hanijui."

"Nisamehe, mwanangu," Muhonja alisema, machozi yakimtoka, akamweleza yote.

Kukhu alikaza moyo akawataja wafu wake. Makokha. Nasimiyu. Wekesa. Harufu ya udongo ikazidi hadi Celine akaziba pua. Kisha mtoto akafungua mdomo, na sauti ya mtu mzima ikasema polepole:

"Mimi nilikuja nilipoitwa. Nyinyi mlikuwa wapi?"

Kukhu alirudi nyuma mpaka ukutani.

"Kinaondokaje?" Muhonja alimuuliza.

"Mtu wa ukoo wa baba aseme mbele yake kwamba mtoto ni wetu. Kikisikia, hakitakuwa na mahali pa kukaa."

"Basi sema, Kukhu! Ni neno moja."

Halikuwa neno moja, na Kukhu alijua. Kusema ni kumpokea: kipande cha shamba Bungoma, mahali pa kuzikwa, na mke mpya wa Simiyu kuambiwa. Bibi alimtazama mtoto, akamtazama Celine, msichana wa mitumba, tangu viatu hadi nywele. Akajifunga kitambaa chake vizuri.

"Huyo si wetu," alisema, akatoka.

Muhonja alimchukia kuliko alivyokichukia kile kitu.

Celine alimwinua Tobias.

"Usimchukue," Muhonja alimsihi. "Tutafute mwingine wa kutusaidia, tuombe—"

"Nilishamwacha once, mum. Akiwa na hii kitu ama bila, ni wangu."

Akamfunga mgongoni kwa leso, akaanza kushuka. Muhonja alisimama juu ya ngazi akimsikia analia, ghorofa ya pili, ya kwanza, kilio cha msichana asiye na mtu. Karibu na lango ile sauti nzito ikaongea, kwa upole ambao hakuna wa ukoo ule aliyewahi kumwonyesha.

"Nyamaza, Celine. Mimi niko."

Celine akanyamaza.